Oto ya konvata, CVT au klachi mbili: ipi itakufaa kwa msongamano wa Nairobi na kwa kuvuta trela?

Kwenye yadi moja ya magari Ngong Road unaweza kukuta magari matatu yameegeshwa sambamba, bei zinakaribiana, na kila moja lina P, R, N na D kwenye kijiti cha gia. Ukiyazungusha hadi kona ya pili na kurudi, utaona yote ni oto tu. Tofauti yao hujitokeza saa kumi na mbili jioni ukiwa Mombasa Road, na hujitokeza zaidi siku utakayofunga trela nyuma na kuelekea Naivasha.

Mimi niliijua tofauti hiyo kwa hasara. Tulinunua trela ndogo ya kupigia kambi, tukaifunga kwenye gari letu la CVT, yaani oto ya mkanda na puli, tukateremka na watoto hadi ziwani bila shida yoyote. Kurudi, tukiwa katikati ya mlima wa kutoka Mai Mahiu, injini ikaanza kunguruma juu huku mwendo ukishuka: 60, 45, 30. Taa ya onyo ikawaka. Tukakaa kando ya barabara nusu saa nzima, malori yakitupita karibu kiasi cha kulitikisa gari. Lilipopoa, likakubali kwenda. Wiki hiyo fundi wa Kirinyaga Road alilegeza nati ya chini ya giaboksi, akadondosha oili kwenye kitambaa cheupe, akanisogezea. “Mama, nusa.” Ilinuka kama sufuria iliyoachwa motoni. Rangi ilikuwa ya kahawa nzito, na katikati ya doa palikuwa na vumbi la chuma linalometameta. Akaniambia, “Hii haikuharibikia mlimani. Mlima umekuonyesha tu.”

Alikuwa sahihi, na nitaeleza kwa nini. Kwanza vipimo.

Nitapima kwa nini

Nitaziweka giaboksi hizi kwenye mizani ya mambo matano: zinavyotambaa kwenye msongamano, zinavyopanda na kushuka, zinavyobeba mzigo wa trela, zinavyotumia mafuta, na nani atazitengeneza zikiharibika. Chini ya yote matano kuna swali moja ambalo sasa namuuliza kila muuzaji na kila fundi: joto linatoka wapi, na linaenda wapi? Giaboksi nyingi za oto haziuawi na kilomita. Zinauawa na oili iliyopikwa. Oili hiyo hupenda kufanya kazi kwenye nyuzijoto 80 hadi 95 hivi. Ikipita 120 na kukaa huko, inazeeka haraka sana, na sehemu zinazoitegemea huanza kuteleza na kusagana.

Zinavyofanya kazi

Oto ya konvata ndiyo wengi huiita oto ya kawaida. Kati ya injini na gia kuna chombo cha duara kilichojaa oili. Injini inazungusha panga upande mmoja, panga hizo zinasukuma oili, na oili inazungusha panga za upande wa pili zinazoendesha gia. Mwendo ukitulia, klachi iliyo ndani ya konvata hufunga, na kuteleza kunaisha. Kumbuka hilo la kufunga, tutalirudia. Utaikuta na gia 4 kwenye Toyota nyingi za zamani, 6 kwenye Mazda CX-5, na hata 10 kwenye baadhi ya Ford Ranger.

CVT haina gia za meno za kupanda moja baada ya nyingine. Ina puli mbili zinazobana na kuachia, na mkanda wa chuma katikati. Subaru hutumia mnyororo. Wazo lenyewe si geni, maana DAF ya Uholanzi ilizindua gari la mikanda ya mpira mwaka 1958. Leo ukisema Nissan Note, X-Trail, Fielder, Axio, au Forester za kuanzia mwisho wa 2012, mara nyingi unazungumzia CVT.

Klachi mbili ni gia halisi kama za manyuali, ila kompyuta ndiyo inayokanyaga klachi. Klachi moja inashika gia 1, 3, 5 na 7, nyingine inashika 2, 4 na 6, kwa hiyo gia inayofuata huwa tayari kabla hujaihitaji. Volkswagen iliileta kwenye Golf R32 mwaka 2003 kwa jina la DSG. Kuna za klachi kavu na kuna za klachi zinazooga kwenye oili, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko jina la gari. Jambo moja wanunuzi wengi hawalijui: Honda Fit Hybrid iliyotoka 2013 si CVT kama ile iliyoitangulia. Ni klachi mbili, gia 7.

Haibridi za Toyota kama Aqua na Prius ni ukoo mwingine kabisa, wa mota mbili za umeme na gia za sayari, hazina mkanda wala klachi. Nitazigusa pale tu zinapohusika.

Kwenye msongamano

Ukiwa na konvata unaachilia breki kidogo na gari linatambaa lenyewe. Kuteleza kote kunatokea ndani ya oili, na joto linalotoka hapo linabebwa hadi kwenye kipoza oili, ambacho kwa magari mengi kiko ndani ya rejeta. Kwa hiyo kukaa saa moja kati ya Bellevue na Nyayo hakuiumizi. Kasoro yake hapo ni mafuta, na zile za gia 4 hupiga kishindo kidogo zinapobadilisha kutoka ya kwanza kwenda ya pili, hasa oili ikiwa imechoka.

CVT nyingi tunazoendesha nazo zina konvata mbele ya puli, kwa hiyo zinatambaa kwa ulaini uleule, na baada ya hapo hakuna kishindo chochote kwa sababu hakuna gia ya kubadilisha. Kwa mtu wa Ruaka anayeshuka mjini asubuhi na kurudi jioni, sijaendesha kitu kinachochosha kidogo kuliko CVT nzuri. Kinachoiumiza ni haraka yetu ya kwenye maegesho: kutoa R na kuingiza D gari likiwa bado linarudi nyuma. Simama kwanza kabisa. Ni sekunde mbili tu.

Klachi mbili hapa ndipo inapopata taabu. Kutambaa kwa kilomita 3 kwa saa maana yake ni klachi kushikwa nusunusu, kama ambavyo wewe ungefanya na manyuali, na klachi kavu haina kitu cha kuipoza ila hewa. Kibaya zaidi ni kupanda kuelekea Kangemi kwenye foleni huku ukilishikilia gari kwa mafuta badala ya breki. Gari halisogei, lakini klachi inaungua. Dereva wa klachi mbili anahitaji tabia tofauti: shika breki, acha nafasi ya gari moja au mbili, kisha ondoka kwa mara moja. Matatu itaingia kwenye nafasi hiyo. Iache iingie. Klachi za kwenye oili huvumilia zaidi, kwa sababu oili inaondoa joto, lakini tabia ni ileile. Barabara ikifunguka, mfano juu ya Expressway, hakuna giaboksi inayobadilisha gia haraka na kwa raha kama hii.

Haibridi ya Toyota hutambaa kwa umeme, injini imezima. Kwa msongamano peke yake, hizi tatu haziifikii.

Kupanda na kushuka

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo (turbo, ya kuisukumia hewa) hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa hiyo gari lililosifiwa Japani linafika hapa likiwa limeshapungukiwa, na pungufu hilo linaibebesha giaboksi kazi zaidi. Konvata huonyesha faida yake unapoondoka kutoka kusimama: huzidisha mvuto wa injini, karibu mara mbili kwa nyingi zake, mpaka gari lichangamke. CVT hupanda kwa kupandisha injini kwenye mzunguko mmoja na kukaa hapo. Sauti hiyo huwatisha wageni, lakini si ugonjwa, ndivyo ilivyoundwa. Ugonjwa ni pale mzunguko unapopanda huku mwendo ukishuka, kama uliotupata. Klachi mbili ikishaondoka hupanda vizuri sana, maana haipotezi kitu kwa kuteleza.

Kushuka kunataka injini isaidie breki. Klachi mbili inashika kama manyuali: unarudisha gia moja na unalihisi gari likizuiliwa. Konvata za gia 6 na zaidi hushika vizuri pia; zile za gia 4 hushika kiasi, na lazima uiweke 2 au L (gia ya chini) mwenyewe. CVT ina L, au hatua za kuchagua kwa mkono, nayo inatosha kwa gari lisilo na mzigo mkubwa.

Niseme hili kwa nguvu kwa sababu bado nawaona watu wakilifanya Mai Mahiu: usishuke ukiwa kwenye N ati unaokoa mafuta. Injini ya sasa, ukiachia mafuta ukiwa kwenye gia, inajikatia mafuta yenyewe. Kwenye N inaendelea kunywa ili isizime, na breki zako zinabaki peke yake na uzito wote.

Trela nyuma

Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mzito, na watu wengi hutazama uzito peke yake. Uzito una maana, lakini urefu wa kwenda juu nao una maana. Trela ya kambi iliyolala chini, yenye kilo 600, hujificha nyuma ya gari. Karavani ya kusimama ndani, yenye kilo 1,200, ni ukuta. Ukifika uwanda wa chini ya bonde na upepo wa mbele, kwa kilomita 80 kwa saa gari linafanya kazi kana kwamba bado linapanda mlima, ingawa barabara ni tambarare. Ndipo dereva anaposhangaa kwa nini giaboksi haitulii.

Kutotulia huko kwenye oto ya konvata kuna maelezo. Inaingia gia ya juu, inashindwa, inarudi chini, inapata mwendo, inapanda tena. Kila inaporuka hivyo ile klachi ya ndani ya konvata inafunguka, kuteleza kunarudi, na joto linapanda. Dawa iko mkononi mwako: zima O/D (overdrive, gia ya juu kabisa) kwenye zile za zamani, au weka hali ya kuchagua kwa mkono na ubaki gia moja chini. Injini itapiga kelele zaidi, lakini konvata itafunga na kubaki imefunga, na oili itapoa. Magari ya kazi yana kitufe maalumu cha kuvuta kinachofanya hivyo chenyewe. Mtu anayevuta mara kwa mara aongeze kipoza oili cha ziada mbele ya rejeta. Ni kazi ambayo fundi mzuri anaimaliza kwa siku moja. Kwa uwezo, magari haya ndiyo yanayoongoza: Prado ya dizeli ya lita 2.8 imepewa kilo 3,000 katika masoko kadhaa, na Ranger nyingi hupewa 3,500, kwa trela yenye breki zake.

CVT si kweli kwamba haivuti kabisa. X-Trail ya umbo la 2014, ya lita 2.5, imeruhusiwa kilo 1,500 nchini Australia kwa trela yenye breki. Lakini ruhusa ni kitu kimoja, na kuvuta kwa muda mrefu kwenye mlima wa jua kali ni kingine. Mkanda wa chuma haushiki kwa meno, unashika kwa kubanwa, na kinachoubana ni shinikizo la oili. Oili ikichoka, mbano unalegea, mkanda unateleza, chuma kinakwaruza chuma. Kompyuta ikiona joto linazidi hupunguza nguvu ya injini ili kuiokoa giaboksi, na ndiyo maana mwendo wetu ulishuka hadi 30. Ikikutokea, usilazimishe. Simama mahali salama na ungoje.

Klachi mbili, gari likiwa kwenye mwendo, huvuta vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Golf ya kawaida yenye giaboksi hiyo huruhusiwa zaidi ya tani moja Ulaya. Tatizo lake liko kwenye mita 20 za mwisho. Fikiria umefika kambini, nafasi yako iko juu kidogo, na unarudisha karavani kinyumenyume polepole, ukiangalia kioo, ukisimama, ukirekebisha, ukirudi tena. Kazi yote hiyo ni klachi nusunusu kwenye gia ya R, ikisukuma tani moja kupanda. Nimesimama karibu na gari kama hilo kwenye kambi moja ya Naivasha. Harufu ilitufikia kabla mwenyewe hajaisikia. Konvata ingeteleza ndani ya oili tu, bila klachi ya kuungua. Klachi mbili za kwenye oili zinaivumilia kiasi, kavu usizipe.

Kwa haibridi ndogo jibu langu ni fupi: Aqua na Prius hazikuundwa kuvuta. Ziache zifanye kazi yake ya mjini.

Kuna tabia moja inayozisaidia zote. Ukisimama mlimani na trela, usiweke P kwanza. Weka N, vuta handbreki, achilia breki ya mguu hadi uzito ukae kwenye handbreki, ndipo uweke P. La sivyo uzito wote wa gari na trela utaning'inia kwenye kipande kimoja kidogo cha chuma ndani ya giaboksi, na kesho yake kijiti hakitoki P ila kwa nguvu na kishindo.

Mafuta

Kwa mjini CVT hutumia kidogo kuliko oto ya gia 4 ya injini sawa, na konvata mpya za gia nyingi zimeukaribia sana utumiaji huo. Klachi mbili huokoa zaidi barabara ndefu. Ukifunga karavani, tofauti hizi zinamezwa na upepo. Usichague giaboksi ya kuvutia trela kwa sababu ya mafuta.

Kwa fundi

Sasa nieleze kwa nini fundi wangu alikuwa sahihi. Mwaka mmoja kabla ya safari, gereji fulani ilitubadilishia oili. Risiti ilisema “ATF”. Hiyo ni oili ya oto ya konvata. CVT inataka oili yake mwenyewe, yenye mshiko tofauti, kwa sababu mkanda unategemea mshiko huo. Kwa hiyo miezi kumi na miwili ya msongamano ilikuwa imeshautafuna mkanda kimyakimya, na trela ikaja kumalizia. Sikuwa na la kumwambia mtu, maana ni mimi niliyelipa bila kuuliza. Tangu siku hiyo nasimama hapo hapo, nasoma kopo kabla halijafunguliwa, na nabaki nalo.

Oto za konvata za Toyota, kila fundi wa Grogan na wa Industrial Area amezifungua, na za mtumba zinapatikana. CVT mafundi wake wapo na wanaongezeka, lakini wengi watakushauri ununue nzima ya mtumba badala ya kufungua yako, na nzima ya mtumba haina historia. Klachi mbili inataka fundi mwenye kompyuta inayoongea na gari hilo hasa. Klachi zikibadilishwa lazima zifundishwe upya kwa programu. Za kwenye oili za gia 6 za Volkswagen zinataka oili na chujio kila kilomita 60,000, na gari lililotoka Japani likiwa na 90,000 bila karatasi, chukulia halijawahi kufanyiwa. Mimi hubadilisha oili ya giaboksi kila kilomita 40,000, iwe ya aina gani, hata muuzaji akisema ni ya maisha.

Pia, gari likikukwamia barabarani, lipandishwe juu ya lori la kubebea. Kulivuta kwa kamba magurudumu yakizunguka na injini imezima kunaziua oto nyingi, kwa sababu pampu ya oili haifanyi kazi na vyuma vinazunguka vikavu.

Kwa hali yako

Ukiishi mjini, safari zako ni kazini, shuleni na kanisani, na trela huna wala hufikirii, CVT au haibridi itakupa raha na mafuta kidogo. Kagua oili kabla ya kulipa, na uliendeshe hadi lipate moto kabisa, si dakika tano.

Ukiwa na familia na unavuta trela nyepesi mara mbili tatu kwa mwaka, CVT bado inaweza, kwa sharti la oili sahihi, mzigo chini ya nusu ya ulioruhusiwa, na kupanda Mai Mahiu asubuhi kabla ya jua. Kama bado hujanunua, konvata ya gia 6 kama ya CX-5 itakupa nafasi zaidi ya kukosea.

Unayeendesha barabara ndefu peke yako, Nairobi hadi Nakuru kila wiki, msongamano kidogo, na una fundi unayemjua kwa jina, klachi mbili ya kwenye oili itakufurahisha kila siku. Ukikaa Rongai na kufanya kazi Westlands, klachi kavu itakugharimu.

Mwenye karavani ya kusimama, farasi au boti, atafute konvata kwenye gari la fremu (lililojengwa juu ya chasi, kama Prado au Ranger), lenye kipoza cha ziada na breki kwenye trela. Hapo sioni sababu ya kuhangaika na zile nyingine mbili.

Na kama gari tayari unalo na swali ni trela tu, usianze na bei ya chuma cha kufungia trela. Tafuta kwanza kitabu cha maelekezo cha modeli yako, hata kama ni cha soko la nchi nyingine yenye injini na giaboksi ileile, usome kilo walizoruhusu. Kisha mpelekee fundi kitambaa cheupe, adondoshe oili, nawe uinuse.